Waliniazima kwenye Barieri, Kaka Yangu Akalipa

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na sita. Nashona nguo za wanawake katika chumba cha mbao hapa Katindo, mjini Goma. Sina mume. Kila mteja anayekuja kupimwa kitenge huniuliza kwa nini, na kila mmoja ana shemeji au mjomba wa kunitafutia. Leo nitajibu mara moja, kwa maandishi, ili niachwe nishone kwa amani!

Nitaandika kwa hasira. Mnisamehe, lakini sijui namna nyingine ya kulisema jambo hili.

Kwetu ni Masisi, kwenye vilima. Tulilima maharage na viazi, na wenye bahati walifuga ng'ombe. Nyumbani tulikuwa watoto wawili tu waliobaki hai, mimi Sifa na kaka yangu Amani, aliyenizidi miaka minne. Mama alikuwa amekufa. Amani ndiye aliyenibeba mgongoni tulipokimbia vita mara ya kwanza, nami ndiye niliyempikia tuliporudi.

Nilipofikisha miaka kumi na saba, kilima chetu kilikuwa mikononi mwa watu wenye silaha. Sitasema walikuwa kundi gani, maana makundi yamepita mengi na majina yamebadilika, lakini njaa yao ilikuwa moja. Komanda wao aliwaita watu wote uwanjani mbele ya shule akatangaza kodi mpya. Kodi ya makapera! Mwanamume mwenye mke angetoa beseni la maharage kila mwezi, basi. Asiye na mke angetoa maharage na mwili wake pia. Angebeba masanduku ya risasi, angebeba magodoro yao, angepanda nao milima siku ambazo hakuna anayejua hesabu yake.

"Mutu hana bibi iko na nguvu ya bure," alisema komanda. "Hiyo nguvu, tutaitumia."

Babu mmoja jirani alicheka mpaka akakohoa. Alisema zamani, enzi za Wabelgiji, mtu alilipishwa kwa wake waliozidi mmoja. "Muzungu alilipisha mwenye bibi mingi, hawa banalipisha mwenye hana hata moja. Sasa mwanaume akimbilie wapi?" Watu walicheka naye. Hawakucheka tena baada ya vijana wa kwanza kupelekwa na nusu yao kutorudi.

Ndipo vilima vikajaa harusi! Wavulana wa miaka kumi na sita walioa. Wajane wa umri wa mama zao walivishwa vitenge vipya. Kila mzazi mwenye kijana alitafuta msichana, yeyote, hata kilema, hata mgomvi, mradi awe na sketi. Na kila mzazi mwenye binti alibembelezwa kuliko chifu.

Bauma alikuja kwetu wiki hiyo. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mrefu, mwenye maneno laini. Familia yake ilikuwa na ng'ombe upande wa bonde. Wazee wake walikubali kutoa ng'ombe wanne. Lakini, walisema, njia ni mbaya, wenye silaha wakiona ng'ombe wanatembea watawachinja. Binti aje kwanza... ng'ombe watafuata mambo yakitulia.

Ninyi mliozaliwa kwetu mnajua ng'ombe wa mahari ni wa nani. Si wa baba kula. Ng'ombe wanaoingia kwa ajili ya dada ndio wanaotoka kumwolea kaka. Amani alikuwa tayari na msichana aliyekubali, na wazazi wake walitaka ng'ombe wawili tu. Kwa hiyo hesabu ya baba ilikuwa nzuri. Mimi niende kwa Bauma, ng'ombe waje kwetu, Amani aoe, na jina lake litoke kwenye orodha ya makapera. Harusi yangu ilikuwa ya kumwokoa kaka yangu. Nilikubali bila kulia. Mnasikia? Nilikwenda kwa furaha!

Nilipofika kwa Bauma niligundua kazi yangu haikuwa jikoni wala shambani. Kazi yangu ilikuwa barabarani.

Mwanzoni wenye silaha walitoa jetoni, kijikaratasi chenye muhuri, kuonyesha kuwa mtu ameoa. Makapera wakazinunua na kuziiga. Komanda akakasirika, akasema hataki tena karatasi, anataka kumwona mke kwa macho. Basi kwenye kila kizuizi cha njia, sisi tunaita barieri, mwanamume alipaswa kuvuka na mkewe. Na kwa kuwa wengine walikuja na dada wa jirani, askari wakabuni mtihani. Mume anasimama huku, mke kule, kila mmoja anaulizwa jana usiku walikula nini. Majibu yakitofautiana, mwanamume anabeba sanduku.

Bauma alikuwa na biashara ya jibini. Alivuka barieri ya juu mara mbili kwa wiki, nami nikimfuata nyuma kama muhuri wenye miguu. Sikuona kosa. Mke humsindikiza mumewe.

Kosa nililiona mwezi wa pili. Bauma alikuwa na mdogo wake, Safari, mwenye miaka kumi na tisa, ambaye hakuwa na mke. Jioni moja Bauma aliniambia kwamba Ijumaa nitashuka na Safari kwenye barieri ya chini, ambako askari hawanijui. Nilidhani sikumwelewa. Akarudia, tena akiwa anatafuna.

"Ukiulizwa jana mulikula nini, sema ugali na sombe. Safari naye atasema vile vile. Musichanganye!"

Nikamuuliza, "Sasa miye niko bibi ya nani?"

"Uko bibi ya nyumba hii."

Nilikwenda kwa mama mkwe nikitegemea mwanamke mwenzangu ataona aibu. Alinipa kiti, akaniita mwanangu, akasema wakati wa vita watu huazimana kila kitu, hata sufuria. Sufuria! Huo ndio uliokuwa ukubwa wangu katika nyumba ile.

Nikavuka na Safari. Mara ya kwanza niliogopa. Mara ya pili nilizoea. Askari aliuliza, nikasema ugali na sombe, yaani kisamvu, na Safari akanishika mkono kama mume. Hakunigusa zaidi ya hapo, sitamsingizia. Mgala muue na haki umpe.

Wakati huo ng'ombe walikuwa wapi? Hawakuonekana. Amani alikuja kuuliza mara ya kwanza, akaambiwa bonde halipitiki. Alikuja mara ya pili, akaambiwa ng'ombe mmoja ni mgonjwa. Yule kaka yangu hakuwa mtu wa makelele. Alikaa kwenye benchi akinywa maziwa waliyompa, maziwa ya ng'ombe ambao wangekuwa wake, akishukuru!

Mara ya tatu alimwambia Bauma ukweli wote. Jina lake lilikuwa limesomwa uwanjani. Zamu yake ya kubeba ilikuwa karibu, na wazazi wa msichana wangekubali hata ng'ombe mmoja kwa kuanzia, mradi wamwone kwa macho. Alimwomba shemeji yake ng'ombe mmoja tu. Alimwomba kwa kupiga magoti, mbele yangu.

Bauma alimwinua, akamkumbatia. Akamwambia, "Kuya siku ya posho, shemeji. Utaondoka nayo."

Posho ni Jumamosi. Jumamosi ilikuwa siku ya soko la Sake, na siku ya soko barieri ya chini ilikuwa kali kuliko siku nyingine zote, ambazo kapera angeweza kupenya kwa sigara chache. Amani alitoka upande ambao hauna njia nyingine. Bauma alijua hivyo, alipita njia hizo tangu utoto. Je, alisahau? Au alijua kabisa kwamba mwenye kudai akipotea, deni nalo limepotea? Miaka kumi na tisa najiuliza, na kila mwaka napata jibu lile lile.

Jumamosi ile ile, asubuhi, Bauma akaniambia nimvushe Safari aende sokoni.

Nikamkumbusha kwamba kaka yangu anakuja. Akasema nitamkuta nikirudi. Nikafunga kitenge, nikatoka.

Barieri ya chini ilikuwa kamba iliyofungwa kwenye miti miwili, na vibanda vya majani pembeni. Foleni ilikuwa ndefu, wanaume na wake zao wawili wawili. Mimi na Safari tulikuwa karibu na kamba, tukielekea sokoni. Ng'ambo ya kamba kulikuwa na wale wanaopanda kuja upande wetu. Na mbele kabisa kati yao, peke yake, alisimama Amani.

Askari alimuuliza mke wake yuko wapi. Akasema ni mgonjwa nyumbani. Askari akacheka, wote husema hivyo. Lakini kulikuwa na mlango mmoja wa kutokea, na watu wote wa pale waliujua. Mtu yeyote wa ndoa kwenye foleni, mume au mke, akimshuhudia mwenzake, akasema namjua huyu, ameoa, askari walichukua sigara wakamwacha apite. Niliwahi kuona hivyo mara mbili. Ilihitaji sauti moja tu.

"Hapa kuko mutu anakujua?" askari alimuuliza.

Nilikuwa mita tano kutoka kwake. Nilifungua mdomo... Safari akanibana mkono, akaninong'oneza, "Nyamaza, utatuua!" Akili yangu ikapiga hesabu ya haraka ya mwoga. Nikisema namjua, wataniuliza namjuaje. Nikisema ni kaka yangu, wataniuliza mume wangu ni nani. Watamuuliza Amani shemeji yake anaitwa nani. Amani atasema Bauma, na mimi nimeshikwa mkono na Safari. Wataona tumewadanganya. Safari atabeba sanduku, na mimi... yaliyowapata wanawake waliokamatwa wakidanganya sitayaandika hapa.

Amani aliinua macho akaniona. Aliniangalia mimi, akamwangalia Safari, akauangalia ule mkono wa Safari juu ya wangu. Nilimwona akielewa. Hakushangaa hata kidogo, alichoka tu, ghafla, kama mtu aliyeambiwa arudie safari aliyokwisha kutembea.

Akamgeukia askari akasema, "Hapana, chef. Hapa hakuna mutu ananijua."

Wasomaji, mimi ndiye niliyepaswa kumwokoa. Yeye akaniokoa mimi!

Walimsukuma kando na wengine, wakampa sanduku. Zamu yetu ikafika. Askari akanitenga na Safari, akaniuliza jana usiku tulikula nini. Nikajibu, "Ugali na sombe." Sauti yangu haikukatika. Safari naye akajibu hivyo hivyo. Tukainuliwa kamba, tukapita mbele ya Amani, karibu kiasi cha kumgusa. Aliinamisha kichwa ili nisilazimike kumwangalia.

Niliporudi jioni, nilimweleza Bauma huku nikilia kwa kwikwi. Akasema Mungu atamlinda. Kisha akavua viatu vyake, akavipanga chini ya kitanda, na akatamka maneno ambayo yangenifanya nimuue kama ningekuwa na nguvu.

"Basi, ile mambo ya ng'ombe haina haraka tena."

Amani hakurudi. Waliorudi walisema walimwona siku ya nne, akiwa na homa, kwenye njia ya msituni. Hakuna aliyemzika ambaye tunamjua. Baba aliambiwa tu kwamba kijana alikamatwa njiani. Bauma alinikataza kusema zaidi, lakini msimlaumu Bauma peke yake kwa hilo. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kunyamaza! Ningemwambiaje baba?

Miezi michache baadaye vita vilihama, komanda yule akafukuzwa na mwingine, nasi sote tukakimbilia Sake, kisha kambi ya Mugunga. Kodi ya makapera ikafa siku tulipovuka mto wa mwisho. Na ndoa yangu nayo ikafa siku hiyo, ila mimi sikuambiwa.

Niliambiwa kwenye meza ya kuandikishwa. Nilipanga mstari tangu asubuhi nikiwa na mifuko miwili. Nilipotaja jina la mume wangu, mwandishi akasema huyo ameshaandikwa, ana mke na watoto wanne. Watoto wanne! Bauma alikuwa amejiandikisha na mjane mmoja kutoka Rutshuru, maana familia kubwa ilipata bashi, yaani turubai, kubwa ya kuezekea na unga mwingi. Kule Masisi alihitaji mke apite, akanichukua mimi. Huku alihitaji watoto ale, akamchukua yule.

Nilimpeleka mbele ya kamati ya wakimbizi wa kilima chetu. Aliulizwa kama ananitambua. Aliniangalia usoni bila kupepesa.

"Huyu? Huyu alikuwa bibi ya barieri tu. Ng'ombe sikutoa, ndoa iko wapi?"

Na Mungu wangu, sheria ya kwetu ilikuwa upande wake! Hakuna ng'ombe, hakuna ndoa. Mtu mmoja wa kamati akaongeza kwamba hata yeye aliwahi kuniona nikivuka na mwanamume mwingine. Wengine wakaguna. Ule uongo niliotumwa kuusema ukawa ushahidi kwamba mimi ni malaya. Safari alikuwepo, amesimama nyuma. Hakufungua mdomo. Nilitamani kumchukia, lakini ningemfundisha nani kusema, mimi?

Nililala kwa shangazi, nikajifunza cherehani kwa masista, nikahamia mjini. Wanaume wamekuja. Wengine walikuwa wema. Kila mmoja akianza kuzungumza habari ya kuoa, mimi nasikia, "Uko bibi ya nyumba hii," na moyo unafunga mlango.

Mwaka jana vita vilirudi, kama kawaida yake. Baba, ambaye alikuwa amerejea kulima, amekimbia tena, safari hii akiwa mzee asiyeona vizuri. Nilimkodishia chumba lakini amekataa mji, amekaa na watu wa kilima chake kwenye vibanda karibu na Mugunga. Huko ndiko Bauma alikotufuata.

Bauma siku hizi ni mtu mkubwa kanisani kwake. Ana tumbo na koti la suti. Anataka kufunga ndoa ya kanisa, na mchungaji wake amemwambia kwanza asafishe mambo ya nyuma. Basi akaja kusafisha! Alikuja na wazee wawili, kreti ya soda, na bahasha yenye bei ya ng'ombe mmoja. Walikaa juu ya mawe meusi mbele ya kibanda, wakazungumza kwa heshima kubwa. Baba, ambaye hajala nyama tangu sijui lini, alinyoosha mkono apokee.

Hapo ndipo nilipopasuka. Nilimwambia baba mbele yao wote yale ambayo sikuwahi kumwambia. Jumamosi. Kamba. Safari aliyenishika. Swali la askari, na mimi mita tano, kimya. Na maneno ya Amani.

Bauma alikohoa, akasema hayo ni mambo ya vita. "Papa, ile wakati kila mutu alijiokoa."

Baba alikuwa amegeuza uso upande wangu, macho yake yale yenye ukungu yakinitafuta. Nilingoja anilaani. Nilikuwa tayari kwa laana, niliingoja miaka kumi na tisa! Lakini aliuliza kwa sauti ndogo kama Amani alikuwa amevaa koti lake la kijani, lile zito, ambalo baba hakuliona tena tangu siku ile.

"Ndiyo, Papa. Alikuwa nalo."

"Basi," alisema baba. "Basi mvua haikumupiga sana."

Kisha akaisukuma ile bahasha kwa ncha ya fimbo yake mpaka kwenye viatu vya Bauma.

"Kamata feza yako. Ile ng'ombe ilikuwa ya kuozesha Amani. Miye sina kijana wa kuozesha tena."

Wakaondoka na soda zao. Baba hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza. Nilipika, tukala, na aliponikabidhi sahani alinishika kidole kwa muda mfupi, akakiacha.

Ndugu zangu, sikilizeni. Vita viko tena vilimani, na orodha za vijana zinaandikwa tena. Wiki iliyopita mama mmoja alikuja kwangu nishone haraka gauni la binti yake wa miaka kumi na sita, kwa sababu kijana fulani "anahitaji mke kabla ya mwisho wa mwezi", na mahari itafuata mambo yakitulia. Nilimrudishia kitambaa chake. Alinitukana, akakipeleka kwa fundi mwingine.

Wazazi, mwanamume anayetafuta mke kwa sababu ya askari atamwacha mke huyo siku askari akiondoka! Msimtoe binti kwa ng'ombe wa baadaye. Wasichana, ukiambiwa ukadanganye kidogo tu kwa ajili ya nyumba ya mume, kataa siku ya kwanza, maana siku ya tatu utakuwa umezoea kama mimi. Na ninyi wanaume mnaojificha nyuma ya vitenge vyetu, jueni kwamba sanduku mlilolikwepa halikubaki chini. Lilibebwa na mtoto wa mtu mwingine.

Na wewe utakayejikuta kwenye foleni kama ile, salama, umeshikwa mkono, ukamwona kijana amesimama peke yake anaulizwa kama kuna mtu anamjua... kama unamjua, sema unamjua.